Mafuta yakimwagika baharini, tazama unapokanyaga

Habari za meli kuvuja mafuta zikienea Mombasa, watu huteremka ufuoni. Wako wanaokwenda kutazama, wako wenye madema yao (mitego ya samaki) majini, na wengi huja na karai na koleo wakitaka kusaidia. Nia ni njema. Lakini kwa kazi yangu ya mazingira ya bahari, nina ombi moja kubwa: msiingie kwenye tope la mikokoni.

Sababu niliiona kwa macho Port Reitz, hori mojawapo la Mombasa, miaka kadhaa baada ya mafuta ya meli kumwagika huko mwaka 2005. Maji yalikuwa yamekupwa. Mvuvi mzee niliyefuatana naye alichomeka upondo topeni, akauchomoa. Shimo likajaa maji taratibu, kisha juu yake ukatanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, na harufu ya mafuta ikapanda. Ukitazama juu tu, ungeapa pamepona. Kaa walikuwa wakikimbizana.

Mafuta yanapobaki juu, sehemu nyepesi hupaa kwa jua, na vijidudu hula sehemu ya yaliyosalia. Vijidudu hivyo vinahitaji hewa. Sentimita chache tu ndani ya tope la mikoko hewa haipo, kwa hiyo kila unyayo unaoshindilia mafuta chini unayaweka akiba ya miaka mingi. Unyayo huohuo huvunja vipumulio vya mchu, aina mojawapo ya mikoko, vile vijiti vinavyochomoza kama penseli. Vikipakwa mafuta mazito, mti hukosa pumzi, majani hugeuka manjano na kupukutika. Hori la Makupa, hapa Mombasa, tulishaona: mwaka 1988 tangi la mafuta lilipasuka, tani zipatazo 5,000 zikamwagika, na mikoko ya hori lile ikafa.

Ukilazimika kufika, baki penye mchanga mgumu au mwamba, upepo ukikupiga mgongoni. Wakati wa kusi, pepo hutoka baharini na kuleta mvuke hadi majumbani kule Nyali na Bamburi. Kichwa kikianza kuuma au macho kuwasha, ondoka. Watoto na wajawazito wasiende kabisa. Ngozi ikipakaa, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji. Petroli na mafuta ya taa huzidisha madhara.

Sabuni ya unga usiimwage majini. Utaona utando umetoweka ukadhani umesafisha, kumbe umeukata vipande vidogo sana ambavyo chaza na vifaranga vya samaki wataviingiza mwilini.

Kuhusu kitoweo, wengi hunusa tu. Pua haitoshi, na kupika hakuondoi sumu hii. Samaki ana ini linaloweza kuvunja sehemu ya sumu hiyo na kuitoa, lakini chaza na kome huchuja maji kutwa kucha na kuilimbikiza. Hao wasubirini hadi wataalamu wapime na kutangaza, hata kama uvuvi wa samaki umeruhusiwa mapema zaidi.

Ukiona mafuta, ijulishe KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) au BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya bandari yako, na utaje saa, mahali na hali ya maji. Hali ya maji ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mafuta yakipandishwa na bamvua, yaani maji makuu yanayojaa kuliko kawaida, huachwa ndani kabisa mikokoni. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo, yakiingia hayafiki pale, na mafuta yatakaa hapo mpaka bamvua lingine, takriban wiki mbili.

Nanyi wenye karai na koleo, kazi yenu ipo, tena kubwa, ila ni kabla mafuta hayajafika. Chupa, nyavu mbovu, makuti na mwani uliotupwa ufuoni vikishalowa mafuta huwa taka ya sumu inayohitaji magari na dampo maalumu. Utando ungali mbali, viokoteni vyote, mvipandishe juu ya alama ya bamvua kabla maji hayajajaa.