Dakika zilezile si haki kwa filamu mbili

Nimeletewa tena: picha mbili kando kwa kando, moja ya Tri-X, nyingine ya HP5 Plus, filamu za nyeusi na nyeupe za Kodak na Ilford, zote zimesafishwa kwenye D-76, dawa ya kutoa picha kwenye filamu, isiyozimuliwa, dakika saba na nusu, nyuzi joto 20 za Selsiasi. Chini yake hukumu: Tri-X ina kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, kali zaidi. Jamani, hiyo kontrasti haikutoka kiwandani. Imetoka kwenye saa ya aliyesafisha.

Kwa dawa hiyo Kodak wanaelekeza dakika 6 na sekunde 45 kwa Tri-X. Ilford wanaelekeza 7 na nusu kwa HP5 Plus. Kwa hiyo moja imetolewa kwa wakati wake, nyingine imepitilizwa. Wala kufuata muda wa kwenye karatasi ya maelekezo hakumalizi ubishi, maana kila kiwanda kinapima kontrasti kwa njia yake.

Hapa ndipo watu wananichosha. Filamu ikiwa tangini, vivuli huiva mapema na kutulia, ilhali sehemu angavu huzidi kulimbikiza madini ya fedha, yanayofanya weusi wa filamu, dakika baada ya dakika. Ukiongeza muda kontrasti inapanda, ukipunguza inashuka. Unaichagua wewe. Basi kabla ya kubishania chembe (ule mchanga-mchanga unaoonekana kwenye picha), ukali wa kingo au vivuli, zifikishe filamu zote mbili kwenye kontrasti moja. Mimi hupiga picha ngazi ya kijivu, yaani kadi yenye hatua za rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe, nikakata filamu vipande vitatu, kila kimoja na muda wake, kisha nikachora grafu ya weusi wa filamu dhidi ya mwanga iliyopata, na kutafuta muda unaoilinganisha miinamo ya filamu zote mbili, maana mwinamo ndio kontrasti. Huna densitomita, kifaa cha kupima weusi wa filamu? Tumia karatasi ya kuchapishia picha. Tafuta muda mfupi kabisa wa mwanga unaofanya ukingo mtupu wa filamu utoke mweusi tii, chapisha kila negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) kwa muda wake huo kwenye karatasi ya gredi ileile, yaani ya kontrasti ileile, kisha tazama shati jeupe. Kama kwenye picha moja nyuzi za kitambaa zinaonekana, na kwenye nyingine shati limebaki doa jeupe, bado hujaanza kulinganisha.

Skani usiniletee. Skana ikiachiwa ijipangie nyeusi na nyeupe, inafuta tofauti ileile uliyotaka kuionyesha.

Rodinal nayo, dawa nyingine ya kusafishia filamu, ya tangu 1891, inalaumiwa kwa chembe. Kweli huziacha wazi, kwa kuwa haina chumvi ya salfaiti nyingi ya kuzilainisha kama D-76, yenye gramu 100 kwa lita. Lakini negativu nyingi za Rodinal ninazoonyeshwa zimekaa dawani kupita kiasi, na negativu nzito, yenye weusi mwingi, huzidisha chembe kwenye dawa yoyote. Halafu zimua D-76 kwa maji nusu kwa nusu, salfaiti inabaki gramu 50 kwa lita na chembe zinaanza kujitokeza. Ukiniambia tu "nimetumia D-76", hujaniambia dawa gani.

Jambo moja linanisumbua hata mimi. Grafu za filamu hizo mbili hazilingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikizilinganisha katikati, kwenye rangi ya ngozi, moja hubaki na vivuli vizito na nyingine hufifia kwenye sehemu angavu. Nimechagua katikati kwa sababu napiga watu. Mpiga mandhari akilinganishia kwenye mawingu, mshindi anaweza kubadilika, na sina hoja ya kumkatalia.

Na kipimajoto changu cha zamani kilikosea nyuzi moja. Majaribio yangu ya wakati huo yanalingana yenyewe kwa yenyewe, ila dakika zake msizichukue.