Dawa ya mizizi nayo ni kemikali

Sokoni Kibuye, Kisumu, muuza miti shamba hukufungia mizizi iliyosagwa kwenye kipande cha gazeti na kukuhakikishia: “Hii ya kutuliza wasiwasi haina kemikali.” Wengi huamini. Si kweli, na imani hiyo inaweza kumuumiza mtu.

Chukua kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki kama Vanuatu na Fiji. Mizizi yake hutwangwa, huchanganywa na maji, watu wakanywa wakatulia. Kinachowatuliza ni kavalaktoni, na hizo ni kemikali kamili. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani, wakiwemo Tomáš Pluskal na Jing-Ke Weng, walitambua jeni zinazouwezesha mmea kuziunda. Kisha wakazipandikiza kwenye hamira na bakteria, navyo vikatengeneza kavalaktoni bila mzizi wowote. Hilo linanifurahisha sana: molekuli ni ileile, itoke shambani au maabara.

Ini nalo halibagui. Ujerumani ilipiga marufuku dawa za kava mwaka 2002 kwa hofu ya madhara ya ini, ingawa marufuku hiyo ilibatilishwa baadaye mahakamani. Kwa hiyo daktari akikuuliza unatumia dawa gani, mtajie na ya sokoni, hasa ukiwa unameza diazepamu, dawa ya hospitalini ambayo nayo hutuliza wasiwasi.