Kifundo cha mguu kinachouma saa nane usiku

Jibu la kilichokuwa kikimuumiza mgonjwa wangu nilipewa na mama yake, kabla sijashika picha hata moja. "Daktari, kila saa nane usiku ananiamsha. Nikimpa ibuprofeni, nusu saa tu kashalala."

Kijana ana miaka 17. Kwa miezi 14 kifundo chake kilichuliwa, kikafungwa plasta mara mbili, kikatibiwa kama baridi yabisi. Shavu la mguu lilishaanza kusinyaa. Nilipobonyeza kwa kidole gumba mbele ya kifundo, kwenye shingo ya talasi, mfupa wa kifundo ulio chini ya muundi, aliuvuta mguu na machozi yakamlenga.

Ni osteoidi osteoma, uvimbe wa mfupa ambao si saratani. Henry Jaffe aliueleza mwaka 1935. Kiini chake kwa kawaida hakizidi sentimita 1.5, lakini hutoa prostaglandini kwa wingi, kemikali zinazochochea maumivu. Ndiyo maana dawa zinazozizuia, kama aspirini na ibuprofeni, humtuliza mgonjwa haraka hivyo. Mara nyingi hukaa kwenye paja au muundi. Kwenye talasi ni nadra, na hapo ndipo wengi wetu hupotea.

Kwenye mifupa mirefu, mwili hujenga mfupa mgumu kuzunguka kiini, na eksirei huuonyesha. Ndani ya kiungo ujenzi huo huwa hafifu, kwa hiyo picha hutoka "safi". MRI, picha ya sumaku, nayo huonyesha majimaji yaliyotapakaa ndani ya mfupa, kiini kikamezwa humo, na msomaji akaandika maambukizi. Daktari mwenzangu, omba CT, eksirei ya kompyuta inayopiga mfupa kipande kwa kipande, ya vipande vyembamba, milimita 1 hivi. Utaona kitundu cheusi chenye nukta nyeupe katikati.

Baadhi hufifia wenyewe baada ya miaka, kwa hiyo kusubiri kwa vidonge kunawezekana, tumbo na figo zikiruhusu. Njia nyingine ni sindano inayoongozwa na CT, ncha yake ikikichoma kiini kwa nyuzi 90 hivi kwa dakika chache. Naipenda, ila kwenye talasi naiogopa pale kiini kinapogusa gegedu, utando laini unaofunika mfupa kwenye kiungo, au mshipa wa fahamu: joto halichagui.

Cha kijana huyu kilikuwa karibu mno na gegedu. Nilifungua, nikakikwangua chote, nikakipeleka maabara, na wakathibitisha. Alitembelea magongo wiki 6.

Mama nilimwambia hivi: maumivu ya kidonda yatapita, lakini yale ya saa nane yakirudi, huenda kiini kimebaki. Mlete wiki hiyohiyo.