Papa, si nafasi bado ipo? Yanayosemwa Goma kuhusu ndege, na yalivyo

Kwa miaka michache nilifanya kazi ya kupima mizigo ya ndege hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Karibu kila asubuhi mama mmoja muuza fromaji, yaani jibini, ya Masisi, mzigo wake ukielekea Kinshasa, alikuwa ananiambia: “Papa, si nafasi bado ipo? Ongeza hiyo katoni moja tu.” Anachungulia mlangoni, anaona tumbo la ndege lingelaza ng'ombe wawili, basi anaamini nina roho mbaya. Haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wataalamu wetu wa kwenye butiki za Birere, ambao wanajua kila kitu kuhusu ndege isipokuwa kwa nini inaruka.

“Nafasi ikiwepo, mzigo unaingia”

Ndege hujaa kwa kilo kabla haijajaa kwa nafasi. Bawa linahitaji hewa ya kulibeba, na injini inavuta hewa hiyohiyo ili ichome mafuta. Uwanja wa Goma uko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ya pwani, na jua la saa saba mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege ambayo ingenyanyuka Mombasa na mzigo wake wote, hapa huenda ikalazimika kuacha sehemu chini, au ikimbie zaidi kabla ya kupaa. Na nafasi ya kukimbia tulinyang'anywa: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika karibu theluthi ya njia ya kurukia, upande wa kaskazini. Kwa miaka mingi marubani waliondokea kwenye kipande kilichobaki, na upande wa pili ni nyumba za watu.

Halafu kuna suala la uzito kukaa wapi. Ile ndege ya ATR yenye viti sabini hivi, abiria wanapanda kwa mlango wa nyuma, mizigo mingi inaingia mbele. Ikiwa imesimama huwekewa kijiti cha kuitegemeza chini ya mkia, isije ikakaa matako watu wakijazana nyuma. Mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, analielewa hili kuliko mhasibu: magunia ya makala, yaani mkaa, yakirudi nyuma mno, gurudumu la mbele linanyanyuka na usukani unabaki pambo.

“Ndege ya elise ni ya zamani, jeti ndiyo ya kisasa”

Hii ndiyo niliyobishana nayo zaidi. Mtu akiona elise, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, anakumbuka picha za vita vya babu yake, anauliza kama hakuna “avioni ya kweli”.

Tarehe zinasema vingine. Boeing 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, Airbus A320 mwaka 1987. ATR 72, yenye elise, iliruka mwaka 1988, na toleo lake la 600 liliingia kazini 2011. Kwa umri wa mchoro wake, hiyo ya elise ndiyo mdogo wao. Bila shaka 737 ya leo si ile ya 1967, imebadilishwa injini, mabawa na chumba cha rubani mara kadhaa. Lakini hata ATR haikubaki vilevile.

Ukifungua kifuniko cha injini yake hutakuta pistoni kama za gari. Utakuta tabo, ndugu wa injini ya jeti: hewa inabanwa, mafuta yanachomwa, gesi inazungusha magurudumu yenye mapezi. Katika jeti kazi kubwa ya mzunguko huo ni kurusha hewa nyuma kwa kasi. Katika ndege ya elise, nguvu yake inapitishwa kwenye gia na kuzungusha mapanga. Mapanga makubwa yanasukuma hewa nyingi polepole, na kwa mwendo usiozidi kilomita 600 kwa saa hivi hakuna njia ya kubana mafuta inayowashinda kirahisi. Ndiyo sababu wachoraji wa ndege hawajaachana nayo.

Tuchukue Goma kwenda Beni, kama kilomita 240 kwa mstari ulionyooka. ATR inakwenda kilomita 510 kwa saa hivi, jeti 830. Hata kwa hesabu ya karatasi, jeti inatangulia kwa dakika 11. Na hewani hata hizo hazifiki, kwa sababu jeti haijamaliza kupanda juu tayari inaanza kushuka, na wakati wote huo inakunywa mafuta kama imekula chumvi. Kinshasa ni habari nyingine. Safari ya kilomita zaidi ya 1,500 jeti inajilipa, kwa hiyo kampuni kupeleka 737 au A320 huko na kuacha elise kwa Beni na Bunia ni biashara ya kawaida kabisa.

Kuna na jambo la mawe. Wakati watu walipokimbilia kasiterite, mawe yenye madini ya bati, kwenye machimbo ya Bisie, ndege zilikuwa zinatua Kilambo, karibu na Walikale, juu ya barabara. Kazi kama ile inataka bawa lililo juu ya tumbo la ndege, injini ikae mbali na changarawe, na matairi yenye subira. Jeti yenye injini zilizoning'inia chini ya mabawa ingevuta mawe kama mfyonza vumbi. Zamani Boeing walitengeneza vifaa maalumu vya kuwezesha 737-200 itue kwenye changarawe, na Kanada na Alaska wakavitumia sana. Injini za 737 zilizofuata zilinenepa na kukaribia ardhi zaidi, habari hizo zikaishia hapo.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba elise ndiyo salama. Aprili 2008, DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilipita mwisho wa njia hapa Goma na kuingia katika soko la Birere. Ilikuwa jeti. Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliangukia mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Ilikuwa ya elise. Waliozika watu wao hawakuuliza injini ilikuwa ya aina gani.

“Ndege ya miaka thelathini ni jeneza”

Miaka peke yake haisemi mengi. Mafundi wanahesabu saa za kuruka, na zaidi ya hapo wanahesabu mizunguko: kupaa na kutua ni mzunguko mmoja. Kila ndege inapopanda, hewa ya ndani inalivimbisha tumbo lake kama puto. Inaposhuka, tumbo linalegea. Bati likivimba na kulegea mara nyingi, linapata nyufa mahali pa ribiti. Aprili 1988 huko Hawaii, sehemu ya paa ya Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka angani. Ndege hiyo ilikuwa na miaka 19 tu, lakini safari zake zilikuwa fupi, kisiwa hadi kisiwa, na ilikuwa imefikisha mizunguko 89,680. Mhudumu mmoja alipoteza maisha, na rubani akafanikiwa kutua na wengine wote. Baada ya hapo ukaguzi wa ndege zilizochoka ulibadilika duniani. Sisi wa safari fupi za Kivu na Ituri hiyo hesabu inatuhusu moja kwa moja: ndege changa inayoruka mara sita kwa siku inaweza kuwa imechoka kuliko mzee anayeruka mara moja.

Upande wa pili, DC-3 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935 bado ipo kazini. Kule Oshkosh, Marekani, kampuni ya Basler inaivua injini za pistoni, inaitia tabo, inairefusha na kuimarisha mwili. Inaitwa BT-67, na inatua kwenye barafu ya Antaktika.

Ndiyo maana nashangaa watu wanaposema Ulaya imezifungia kampuni za Kongo kwa sababu ya ukuukuu wa ndege zetu. Orodha ile ya waliozuiwa kuruka Ulaya ilianza 2006, na kampuni zote zilizopewa cheti na mamlaka ya Kongo zimo, hata zenye ndege za juzi. Kinachotiliwa shaka ni usimamizi wa serikali: nani anakagua, ana uwezo gani, na nani anamsikiliza anaposema ndege isiruke. Huwezi kununua Airbus mpya ukatoka kwenye orodha hiyo.

“Ndege mpya ni ya mbio zaidi”

Hapana. Boeing 747 ya 1970 na 787 ya leo zinakwenda karibu mwendo mmoja. Aliyekimbia kweli alikuwa Concorde, akastaafishwa 2003. Kilichobadilika ni mafuta kwa kila kiti. Hata lile pezi lililokunjwa juu kwenye ncha ya bawa, ambalo kijana mmoja aliniapia kuwa ni antena, limewekwa kupunguza kimbunga kidogo cha hewa kinachoivuta ndege nyuma. Kwenye A320 linaokoa hadi asilimia 4 ya mafuta. Na ukubwa nao si maendeleo: A380, ya ghorofa mbili na injini nne, ilisimamishwa kuundwa 2021 kwa sababu wanunuzi walitaka ndege ya injini mbili ambayo wanaweza kuijaza. Kiti kitupu kinakula mafuta ya bure.

“Jina lililoandikwa ubavuni ndilo la mwenye ndege”

Karibu nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi. Biashara hiyo ilikomaa Shannon, Ireland, ambako mwaka 1975 Tony Ryan alishiriki kuanzisha kampuni ya kununua ndege na kuzikodisha. Leo shirika linaweza kurusha ndege kumi bila kumiliki hata moja. Injini nazo zinaweza kulipiwa kwa saa zilizoruka: anayeitengeneza anabaki na mzigo wa matengenezo, shirika linalipa kadiri linavyoitumia, mpango uliobuniwa Uingereza mwaka 1962. Na uongozi unaweza kuchanganywa pia. Air Congo, iliyoanza Desemba 2024, serikali yetu ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49.

Kwa hiyo tiketi ikiwa nafuu, usikimbilie kusema wamebana matairi. Shirika la ndege la Southwest, la Texas, Marekani, mwaka 1972 ilikuwa na ndege nne, ikaishiwa fedha, ikauza moja. Ili tatu zifanye kazi ya nne, ikajifunza kushusha watu na kupakia wengine ndani ya dakika kumi. Ndege iliyoegeshwa haileti hata franga. Kwetu gharama nyingine hazitegemei bidii ya mtu: Go-Pass, ile tozo ya uwanja wa ndege anayolipa abiria, ilipoanzishwa 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya nje, uwe umekwenda Beni au umevuka nchi nzima.

“Karibuni zitaruka kwa betri”

Moja tayari: Velis Electro ilipata cheti cha Ulaya mwaka 2020. Ina viti viwili, na inakaa hewani chini ya saa moja. Kilo ya mafuta ya ndege ina nishati mara arobaini au zaidi ya kilo ya betri, na ubaya mwingine ni kwamba mafuta yakitumika ndege inakuwa nyepesi, betri ikiisha inatua na uzito uleule.

Za betri zinazofanya kazi kweli jirani na sisi ni zile drone, ndege ndogo zisizo na rubani, za kampuni ya Zipline, Rwanda. Tangu Oktoba 2016 zinarushwa kwa manati kutoka Muhanga, zinadondosha damu hospitalini kwa parachuti, na zikirudi zinanaswa mkia kwa kamba, bila njia ya kurukia. Uwanja wetu ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, na wasafiri wakaanza kupita Grande Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, kwenda kupandia Kigali, yule mama wa fromaji alinipigia simu kuuliza kama hizo drone zingeweza kumsaidia kidogo. Nikamwambia mzigo wa drone moja haufiki kilo mbili. Akanyamaza, kisha akacheka sana.

“Papa, yaani hata hizo una mzani wake?”