Dini na Damu: Tunayoyasema Mombasa na Yaliyo Kweli

Kila habari ya shambulio inapoingia, baraza la kahawa mtaani kwetu Majengo hugawanyika kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Huyu anasema, "Ni dini yao, wamefundishwa hivyo." Yule anajibu, "Dini haihusiki, hao si Waislamu kabisa." Mjadala huu nimeusikia tangu Novemba 28, 2002, siku hoteli ya Paradise ya Kikambala ilipolipuliwa na makombora yakarushwa kuilenga ndege ya Waisraeli iliyokuwa ndiyo kwanza inaruka kutoka uwanja wa Moi. Walikufa Waisraeli 3 na Wakenya 10, baadhi yao wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kuwalaki wageni.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa hapa. Nimekaa matangani kwa waliouawa, na nimekaa pia kwa mama ambaye mwanawe alikwenda kuua. Naona pande zote mbili za baraza lile zinakosea, na makosa yao yametugharimu watoto.

DHANA: Kijana huingia katika makundi ya wauaji kwa kuwa ameshika dini mno

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliowahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram, Wakenya wakiwemo. Zaidi ya nusu waliitaja dini miongoni mwa sababu zao. Mtu akiishia hapo atasema yamekwisha, ni dini. Lakini asilimia 57 ya watu haohao walikiri kwamba maandiko ya dini yao wanayaelewa kidogo sana, au hawayaelewi, au hawayasomi kabisa. Tena waliosoma elimu ya dini kwa miaka 6 au zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga, kwa kiasi kinachofika asilimia 32. Yaani chuo, ile madrasa inayotiliwa shaka kila bomu linapolipuka, kilikuwa kinga.

Utafiti wa pili wa shirika hilo, wa 2023, uliwahoji watu karibu 2,200 katika nchi 8 za Afrika. Robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kazi kuwa sababu kuu. Dini ilitajwa na asilimia 17.

Yule mama niliyemtaja anaishi kisiwani. Mwanawe alikuwa utingo wa matatu. Ijumaa adhana ilikuwa ikimkuta bado yuko bafuni, na Ramadhani alikuwa wa kuamshwa daku kwa kuburutwa miguu. Miezi michache kabla ya kutoweka alianza kufupisha suruali, akamkataza dadake kusikiliza taarabu. Mamake alifurahi, akawaambia majirani kijana ametulia. Hakujua kuna mtu mzima aliyekuwa akimlipia mahamri na chai kila jioni, aliyempa simu, aliyemwambia kuna kazi ya mshahara mzuri kaskazini. Asubuhi moja kitanda kilikuwa kimetandikwa, jambo ambalo mama yule anasema hakuwahi kuliona. Chini ya kitanda palikuwa na ndara zake, na dukani alikuwa ameacha deni la mkate na maziwa ambalo mama alilipa yeye.

Kijana huyo hakutoka katika dini kwenda katika vita. Alichukuliwa kwanza na mtu. Dini akafundishwa na mtu huyohuyo, kwa miezi mitatu, bila kitabu kufunguliwa mbele yake.

Wanaodhani bomu la kujivika mwilini ni mali ya dini fulani nawakumbusha Tamil Tigers, waasi wa Sri Lanka. Walimuua Rajiv Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, kwa njia hiyo Mei 21, 1991. Walikuwa wakitaka nchi ya Watamil, na hawakuwa wakipigania dini yoyote.

DHANA: Dini haihusiki hata kidogo

Hapa ndipo pagumu kwangu, kwa sababu neno hili nimelisema mwenyewe mara nyingi, hasa mbele ya wageni.

Si kweli. Sisi wa Majengo tulizisikia hotuba za kuwaita vijana vitani. Tulizisikia zikitoka katika vipaza sauti, na CD zake zikauzwa nje ya misikiti pamoja na mafuta ya miski na miswaki. Februari 2, 2014, polisi walipouvamia Msikiti Musa, palikuwa na kongamano ambalo jiji zima lilikuwa likilijua. Tuliokuwa hatukubaliani tulikwenda kuswali msikiti mwingine tukanyamaza. Kusema leo kwamba dini haikuwemo ni kuwakana hata wale vijana waliokaa safu ya mbele wakisikiliza.

Kijana aliyepigwa makofi na askari kwa kukosa kitambulisho ana hasira. Hasira hiyo peke yake itampeleka kwenye bangi, au kwenye genge la mapanga la Kisauni, au ataimeza mpaka imwishe. Ili ampige risasi mtu asiyemjua kanisani, lazima atokee wa kumwambia kwamba hasira yake ni faradhi, kwamba mtu yule ni adui wa Mwenyezi Mungu, na kwamba akifa ana makao. Maneno hayo ni ya dini, na aliyeyasema alijua kwa nini anayahitaji. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo la Likoni Jumapili asubuhi. Walikufa 6, mmoja wao mama aliyekuwa na mtoto mdogo. Risasi iliingia katika kichwa cha mtoto huyo, na madaktari wakaitoa akapona.

Kwa hiyo hoja hujibiwa kwa dini pia, na hilo nimeliona kwa macho. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la maalim mmoja Likoni, mtu wa makamo, kofia yake ya mkono imechakaa ukingoni. Kijana wa miaka kama 15 alimwonyesha simu. Kulikuwa na kipande cha video, mtu anasoma aya ya 5 ya Sura Tawba, ile ya kuwaua washirikina popote muwakutapo. Kijana akauliza, sauti ya chini, "Maalim, hii imo au haimo?"

Nilitazamia maalim akasirike, amnyang'anye ile simu. Alimwambia, "Imo, mwanangu. Lete mas-hafu." Akamwekea kidole kwenye aya ya 4. Kijana akasoma, taratibu, akikosea shada hapa na pale: waliofunga mkataba nanyi wasiuvunje, watimizieni mpaka muda wao. Akasoma ya 5. Maalim akasema, "Usifunge. Ya 6." Mmoja wa washirikina hao akikuomba ulinzi, mlinde mpaka ayasikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Darasa lilikuwa kimya. Maalim akauliza, "Huyo wa kwenye simu, alisoma ngapi?" Kijana akajibu, "Moja."

Wenye kusema dini haihusiki humwacha kijana yule na simu yake.

DHANA: Pwani ni vita vya Waislamu na Wakristo tangu zamani

Watu hupenda kutaja 1631. Agosti mwaka ule Sultani Yusuf bin Hassan alimuua kapteni Mreno ndani ya Fort Jesus, kisha Wakristo wengi wa mji, Wareno na Waafrika, wakauawa kwa kukataa kuacha dini yao. Ukiishia hapo ni vita vya dini. Ila baba yake Yusuf alikuwa sultani aliyegombana na wakubwa wa ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Yusuf alichukuliwa mtoto, akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akalelewa na mapadri, akarudishwa mwaka 1626 kuwa mtawala asiyeheshimiwa na kapteni wala na watu wake. Kaburi la baba lilikuwa hapahapa. Dini ilikuwemo siku ile, na ilikuja na kisasi ambacho kilikuwa na umri wa miaka 17.

Na ipo damu ambayo msikiti wala kanisa havikuwemo. Agosti 13, 1997, wavamizi walikiteka kituo cha polisi Likoni, wakachukua bunduki, wakaanza kuwachinja na kuwachomea nyumba watu wa bara: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Zaidi ya watu 100 walikufa na kiasi cha 100,000 wakahama. Wavamizi walikuwa wamekula kiapo msitu wa Kaya Bombo na kupewa dawa za kuzuia risasi. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Aliyezaliwa Likoni anajua hotuba za kuwafukuza wageni zilitoka kwa wanasiasa, na kilio kilichotumiwa kilikuwa cha ardhi: watu wa ukanda huu wanaozika babu zao kwenye mashamba ambayo hati zake ziko mikononi mwa wengine.

Kilio hichohicho kilibebwa baadaye na Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge, na ile kauli yao ya "Pwani si Kenya". Humo walikuwemo Wamijikenda Waislamu na Wakristo pamoja. Na Al-Shabaab walipoanza kuandika propaganda kwa Kiswahili, waliitia ardhi ya Pwani mlemle kati ya aya. Walijua ni wapi panauma.

DHANA: Wauaji ni Waswahili na Wasomali maskini, wanaume

Kwa kifupi. Aliyekiri kosa la shambulio la guruneti Nairobi Oktoba 2011 alikuwa kijana wa magharibi mwa Kenya aliyesilimu ukubwani. Mmoja wa waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Waliokishambulia kituo cha polisi cha Central hapa Mombasa Septemba 11, 2016 walikuwa wanawake watatu.

Na mwaka 2023, kule Shakahola, kaunti ya jirani ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wamwone Yesu. Sijamsikia mtu barazani akisema Ukristo ndio uliowaua, na ni vizuri hakusema. Ningependa na sisi tupimwe kwa kipimo hicho.

DHANA: Ukifunga msikiti na kumpiga risasi sheikh, yamekwisha

Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Msikiti Musa, aliuawa kwa risasi akiwa garini na familia yake, barabara ya Malindi. Sikuwahi kukubaliana na hotuba zake. Lakini alikuwa na kesi mahakamani, na mahakama ndiyo iliyopaswa kusema neno la mwisho. Jioni ileile Majengo iliwaka, makanisa yakavunjwa na kuporwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumsikiliza. Oktoba 2013 akauawa mrithi wake, Sheikh Ibrahim, na kesho yake kanisa la Salvation Army hapa Majengo likachomwa. Aprili 2014 akauawa mhubiri mwenzao, Abubaker Shariff, aliyeitwa Makaburi. Kati ya mauaji hayo ndipo ulipokuja msako wa Msikiti Musa. Mmoja wa waliokamatwa alipigwa picha akiwa mikononi mwa polisi. Hajaonekana tena mpaka leo. Novemba 2014 misikiti 4 ilifungwa, ikiwemo Musa na Sakina.

Je, hotuba ziliisha? Zilihamia kwenye simu, mahali ambapo hakuna mzee wa kumkatiza msemaji.

Ule utafiti wa 2017 uliwauliza watu ni tukio gani hasa lililowasukuma wakaondoka. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali: ndugu au rafiki kuuawa, ndugu au rafiki kukamatwa. Sidai kwamba polisi ndio waliowaumba Al-Shabaab. Kundi hilo lilikuwapo na lilikuwa likiua kabla. Ninasema gari lisilo na namba linaposimama usiku mbele ya nyumba, kijana akatolewa na asirudi, ana wadogo zake wanaochungulia dirishani, na yule mtu wa kulipa chai na mahamri anaijua nyumba hiyo kufikia kesho.

DHANA: Waislamu walinyamaza

Wengi tulinyamaza, nimekwisha kusema. Si wote.

Sheikh Mohamed Idris alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Vijana waliouteka Msikiti Sakina walimtoa huko kwa sababu aliwapinga waziwazi, kwa Qurani mkononi. Walimwita msaliti. Watu wake walimsihi apunguze kusema. Juni 10, 2014, alitoka nyumbani kwake Likoni kwenda kuswali alfajiri, akapigwa risasi njiani akafa.

Na Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Walikataa. Wanawake Waislamu walikuwa wameshawapa Wakristo mitandio wajifunike, na wauaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale. Alifariki Januari 2016, akiwa anatibiwa Nairobi. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alikuwa akirudi nyumbani.