Masta ya viwango vya uhasibu na kodi: yanayosemwa na yalivyo

Kila msimu wa maombi ya masta ukifika wadogo zangu wananiuliza maswali yaleyale kuhusu kusomea viwango vya kimataifa vya uhasibu (IFRS) pamoja na kodi za biashara, na mengi yametokana na stori za vijiweni. Wapo wanaoacha kuomba kwa sababu ya hizo stori na wengine wanaenda wakitegemea vitu ambavyo hawatavikuta. Naongelea Tanzania hapa.

Kubwa kuliko yote ni hili, eti ukishapata faida kwenye hesabu za kampuni unazidisha tu kwa 30%, yaani kiwango cha kodi ya kampuni, kodi umeimaliza. Hapana jamani. Faida ya vitabu na faida ya kodi ni hesabu mbili tofauti, moja inaongozwa na IFRS nyingine na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na nusu ya hii masta ni kuelewa kwa nini hazifanani. Chukua kampuni imenunua kompyuta za milioni 24, mhasibu anaona zitadumu miaka 4 na mwishoni hazitakuwa na thamani, kwa hiyo anakata uchakavu milioni 6 kila mwaka. Sheria ya kodi haimuulizi yeye anaonaje, kompyuta ziko daraja la kwanza la mali zinazokatwa uchakavu, 37.5% ya thamani iliyobaki, yaani mwaka wa kwanza inaruhusu milioni 9. Tofauti ni milioni 3, ukipiga 30% unapata laki 9 ambayo kampuni haijalipa mwaka huu ila itakuja kuilipa mbele huko, na IAS 12, kiwango cha IFRS kinachohusu kodi ya mapato, inataka uionyeshe kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni) kama deni, ndo hiyo kodi iliyoahirishwa inayowatoa watu jasho. Mwaka wa pili inageuka, sheria inaruhusu 5,625,000 wakati vitabu bado vinakata milioni 6, na lile deni linashuka hadi 787,500. Fuatisha mwenyewe mpaka mwaka wa nne na kuendelea, utaielewa kuliko ukikariri kanuni.

Na hizo ni kompyuta tu. Kwenye madeni ya wateja IFRS 9 inakutaka utenge hasara unayoitarajia hata kabla mteja hajaanza kusumbua, lakini kwa kampuni ya kawaida Mamlaka ya Mapato (TRA) hawakubali makadirio hayo, wanataka kuona umedai ukafanya juhudi za maana na hela imeshindikana kabisa. Kwa hiyo kampuni inaweza kuonyesha hasara kwenye vitabu na bado ikadaiwa kodi ya mapato, na hakuna aliyekosea hesabu.

Wengine wanaogopa kwamba lazima uwe kipanga wa hesabu. Hesabu zenyewe ni kujumlisha, kutoa, asilimia na kurudisha pesa za kesho kwenye thamani ya leo, basi. Kinachochosha ni kusoma. Unasoma vifungu vya sheria, unasoma hukumu za Bodi ya Rufani za Kodi, za Baraza la Rufani za Kodi na za Mahakama ya Rufani, unatafuta neno moja lililomfanya mlipakodi ashinde au ashindwe. Mwenye uvumilivu wa kusoma anafanya vizuri kuliko mwenye A ya hesabu asiyependa kusoma, hilo naliona kila mara.

Alafu kuna wanaosema masta inakupa CPA, cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, ama mwenye CPA hana haja ya masta. Vyote sio. CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, inatolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa mitihani yao, na bila kusajiliwa nao huruhusiwi kusaini ripoti ya ukaguzi hata uwe na masta tatu. Ila CPA inakufundisha kutumia kiwango, masta inakuuliza kiwango kiliwekwa kwa nini na kinamuumiza nani.

Eti dunia nzima inatumia IFRS? Nchi zaidi ya 140 ndiyo, Tanzania toka 2004, lakini kampuni za Marekani zina viwango vyao wenyewe, US GAAP, na biashara ndogo zina IFRS yao ya SMEs iliyotoka 2009.

Hili lingine linaniuma kidogo, kwamba anayesomea kodi anajifunza kukwepa. Kupanga kodi ndani ya sheria ni haki, kukwepa ni kosa la jinai, na darasani mpaka huo unachorwa vizuri sana. Utajifunza pia kumtetea mlipakodi aliyekadiriwa vibaya: ana siku 30 za kupinga, na sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inamtaka alipe kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Mfanyabiashara mdogo asiyejua hilo pingamizi lake halipokelewi, hata kama haki ni yake.

Mwisho, usimwamini anayekupa notsi za kaka yake akisema viwango havibadiliki. IFRS 16 ilianza 2019 ikaingiza mikataba mingi ya pango kwenye mizania, na IFRS 18 inaanza tarehe 1 Januari 2027 ikibadilisha mpangilio wa taarifa ya faida na hasara, na takwimu za mwaka wa nyuma nazo zinatakiwa zipangwe upya, kwa hiyo anza kuisoma mapema.