Steringi hafi? Kamuulizeni Jack Carter

Leo tumalizane na hili. Kila nikitaja filamu ya Get Carter, hasa mbele ya vijana ninaowafundisha kuhariri, lazima atokee mmoja aniambie kwamba mwisho wake umebandikwa tu: steringi kamaliza kazi, adui wote chali, mara anazuka mtu na bunduki, risasi moja ya paji la uso, basi. Eti walikosa namna ya kumaliza. Jamani, yule mtu hakuzuka. Mlikuwa naye tangu mwanzo, ila macho yenu yalikuwa yanasoma majina.

Kwa ambaye hajaiona (natoboa kila kitu, usiniambie sikukuonya): ni filamu ya 1971. Mike Hodges kaiandika kutoka riwaya ya Ted Lewis na kuiongoza mwenyewe. Michael Caine ni Jack Carter, jambazi wa London anayekwenda Newcastle kumzika ndugu yake Frank. Inasemekana Frank alikuwa amelewa akaendesha gari. Jack haamini. Anauliza, anapiga, anaua.

Sasa rudini kwenye treni ya mwanzo. Muziki wa Roy Budd unakwenda, majina yanapita, na katika chumba kilekile alichokaa Carter yumo abiria mwenye pete ya herufi J. Mwishoni, ufukweni Blackhall, mkono ulioshika bunduki una pete hiyohiyo. Dokezo limewekwa dakika ambayo jicho la mtazamaji limebanwa na maandishi. Hakuna klozapu ndefu, hakuna mdundo wa kukushtua. Prodyuza wa siku hizi angekupigia simu usiku: vuta karibu kwenye pete, weka sauti, rudia mara mbili ili watu waelewe. Halafu mnashangaa kwa nini kila filamu ya kisasi unaijua mwisho wake kabla bisi hazijaisha. Hodges alitokea kwenye makala za televisheni, na mpigapicha wake Wolfgang Suschitzky naye alikuwa mtu wa makala. Walizoea kuacha kitu kikae ndani ya fremu bila kukinyooshea kidole.

Na hata ukiitoa pete, kifo kile kimeshaandaliwa. Glenda, mmoja wa wanawake wa genge la Newcastle, yumo kwenye buti la gari, gari linasukumwa majini, na uso wa Carter haubadiliki. Margaret, aliyekuwa mpenzi wa Frank, Carter anamdunga heroini, mwili anauacha kwenye viwanja vya Kinnear, bosi wa majambazi wa kule. Eric, mtu wa Kinnear, Carter anamnywesha wiski kwa nguvu, vilevile Frank alivyonyweshwa, kisha anampiga kwa kitako cha bunduki mpaka anakufa, na maiti inapandishwa kwenye ndoo zinazomwaga taka za makaa ya mawe baharini. Carter anacheka. Mimi pia nimekulia vibanda umiza, sheria ya steringi naijua, lakini hebu niambieni: baada ya kicheko kile ungekata kwenda wapi? Apande treni kurudi London, anywe chai?

Kinachoninyima raha ni kingine, na mnaobisha mngekishika hicho ningewaheshimu. Kinnear anapiga simu kuagiza Carter auawe wakati hadithi imeshafika mbali. Sasa mtu wa pete alikuwa anatafuta nini kwenye treni siku ya kwanza? Huenda wakubwa wa Carter kule London, akina Fletcher, walishamtuma amfuate; walimkataza Carter kwenda Newcastle, na yeye alikuwa anatembea na Anna, mwanamke wa mmoja wao. Lakini hapo simu ya Kinnear inakuwa na kazi gani? Nimeipanga hivi, nikaipanga vile, pengo halizibiki. La pili: mtazamaji wa 1971 alikaa sinema, hawezi kurudisha nyuma. Dokezo ambalo karibu hakuna atakayeliona mara ya kwanza ni dokezo kweli, au ni wahariri tu tunajifurahisha? Darasani huwa najibu kwa ujasiri sana. Hapa siwezi.

Kwa wanaong'ang'ania kwamba steringi hafi, ipo iliyorudiwa Marekani mwaka 2000, Sylvester Stallone akiwa Carter, mji ni Seattle, na huyo anabaki hai. Caine mwenyewe yumo, safari hii kama Brumby, yule ambaye Carter wake alimtupa kutoka juu ya jengo la maegesho kule Gateshead.